Barua ya wazi kwa uongozi wa hospitali: chupa moja ya matone haitoshi macho mawili ya mtoto

Kwenu Mkurugenzi wa Hospitali, Mkuu wa kitengo cha macho, Mfamasia wa hospitali, na nyie wote mnaokaa kwenye vikao vya kupanga dawa gani ziagizwe,

Shikamooni.

YAH: MATONE YA STEROIDI KWA WATOTO WACHANGA WALIOFANYIWA OPERESHENI YA MTOTO WA JICHO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Steroidi ni dawa ya kuzima uvimbe wa ndani ya jicho. Mimi ni mama wa binti aliyefanyiwa operesheni ya macho yote mawili hapo kwenu akiwa na miezi minne. Jina la hospitali silitaji maana sitafuti kumchafua mtu, nyie wenyewe mkisoma mtajijua. Na naandika hapa hadharani kwa sababu njia za ndani nimezimaliza zote. Nilianza na sanduku la maoni pale getini. Nikaenda ustawi wa jamii, dada wa pale akanisikiliza vizuri akaandika kwenye daftari lake, ikaishia hapo. Nikaandika barua ya kurasa mbili nikaipeleka masjala, wakagonga mhuri wa kupokelewa, nakala yangu ninayo, huu ni mwezi wa tano. Nimepiga simu mara nne na mara zote nne naambiwa barua iko mezani kwa mkubwa. Sasa mkubwa naomba uisomee hapa.

Nianze na shukrani na natoa kwa moyo. Daktari aliyempasua mwanangu ni fundi. Tulikuja mtoto akiwa na weupe kwenye mboni zote mbili kama tone la maziwa, hanitazami usoni, nikimchekea anageukia sauti tu, na kule kwetu nilishaambiwa mara mbili kwamba watoto wote huwa hivyo ataona akikua. Daktari wenu hakunigombeza kwa kuchelewa, ingawa baadaye nimekuja kujua kwamba mtoto aliyezaliwa na tatizo hili inabidi afanyiwe ndani ya miezi miwili hivi ya kwanza, maana ubongo usipopata picha mapema unasahau kabisa kujifunza kuona. Alipasua jicho la kwanza, baada ya siku tano akapasua la pili. Asubuhi ile plasta ya pili ilipobanduliwa binti yangu alishangaa taa ya wodini mpaka manesi wakacheka. Sitaisahau.

Malalamiko yangu yanaanzia mlangoni, siku ya kuruhusiwa.

1. Mlitupatia chupa moja tu ya steroidi

Chupa moja ya matone ya steroidi, ya mililita 5. Maelekezo yalikuwa ya mdomo, nesi aliyasema amesimama huku anaitwa na mtu mwingine: kila saa mtoto akiwa macho, macho yote mawili, mpaka mrudi kliniki. Kliniki ilikuwa baada ya wiki tatu.

Naomba tupige hesabu pamoja, wala haihitaji udaktari. Chupa ya mililita 5 inatoa kama matone 100. Mtoto wa miezi minne tuseme yuko macho saa 12 kwa siku. Mara 12 kwa macho mawili ni matone 24 kwa siku. Kwa hiyo chupa inaisha siku ya nne, na hapo nimehesabu kama vile kila tone linaingia jichoni. Haliingii kila tone jamani. Kumtia dawa mtoto mchanga ni kazi ya watu wawili, nyumbani kwetu mama mkwe alikuwa anakaa mkekani, mtoto tumemviringisha kwenye kanga mikono ikiwa ndani, kichwa kiko katikati ya magoti ya bibi yake, mimi navuta kope la chini kwa kidole kimoja na mwenyewe kayafumba macho kwa nguvu zote analia mpaka anabadilika rangi. Tone moja linaingia, moja linateremka shavuni, lingine linaishia kwenye sikio. Chupa yetu iliisha siku ya tatu jioni. Wiki tatu toa siku tatu, mliniachia siku 18 bila dawa, na hiyo mliijua wakati mnanipa ile chupa, maana hesabu yenyewe ni ya darasa la nne.

2. Hakuna aliyetuambia dawa ile ni ya nini

Hili ndilo linaniuma kuliko yote kwa hiyo mtanivumilia nikirefusha.

Mimi niliambiwa "ni dawa ya macho". Zilikuwa chupa tatu, ile moja ya steroidi na nyingine mbili, zote dawa ya macho. Mtu wa kawaida akiambiwa hivyo anachukulia ni za kuzuia wadudu wasiingie kwenye kidonda, ikiisha moja si zimebaki mbili? Nimekuja kujua kila chupa ina kazi yake baada ya maji kumwagika, mdogo wangu anasomea utabibu ndiye aliyekaa na mimi usiku kwenye simu akanieleza na kunisomea.

Kumbe jicho la mtoto mchanga si jicho la mzee lililofanywa dogo. Mzee akitolewa mtoto wa jicho, jicho linavimba kidogo kwa ndani, anatia matone wiki chache yameisha. Jicho la mtoto mchanga likiguswa na kisu linawaka. Mishipa yake ya ndani bado michanga, inavujisha protini, ile protini inaganda kama utando wa buibui, utando unashika kingo za mboni, mboni inanata na haifunguki tena sawasawa, na ile njia ya mwanga ambayo daktari ametumia masaa kuifungua inazibwa upya na mwili wa mtoto mwenyewe. Steroidi ndiyo inayozima huo moto. Ile nyingine, atropini, inatanua mboni isipate nafasi ya kunata. Ya tatu ndiyo ya kuzuia wadudu. Sasa mama asiyejua hili, ikiisha ile ya steroidi anaona bado anazo dawa, na anatulia kabisa, na jicho linaziba huku ametulia.

Na wala hatukuambiwa kwamba ile dawa nyeupe ni lazima itikiswe. Steroidi yetu ilikuwa prednisoloni, na ya aina ile iko kama tui, ukiiacha imesimama dawa yenyewe inakaa chini. Usipotikisa unamtia mtoto maji ya juu juu, halafu mwisho wa chupa unamtia dawa kali tupu. Siku zile tatu mimi sikutikisa hata mara moja. Sekunde kumi tu za nesi kusema "mama tikisa kwanza" zingetosha. Hatukuambiwa tubonyeze kona ya jicho karibu na pua dakika moja au mbili baada ya kutia ili dawa isiteremke kooni ikaingia mwilini. Hatukuambiwa tusubiri kama dakika tano kati ya dawa na dawa ili ya pili isiioshe ya kwanza. Haya yote ni ya bure, hayahitaji bajeti wala kibali.

3. Huku tunakorudi dawa haipo na mnajua haipo

Ilipoisha nilikwenda zahanati, hawana. Hospitali ya wilaya hawana, wana ya kuzuia wadudu tu. Duka la dawa la kwanza kijana akanipa kloramfeniko, ambayo ni ya kuzuia wadudu, akasema ni ileile. Duka la pili dada alikuwa mkweli, aliniambia hii siuzi bila cheti cha daktari wa macho na mimi cheti sikuwa nacho kwa sababu hamkunipa, na nampongeza, alifanya sahihi kabisa. Nilikuja kuipata mji mwingine siku ya nane kwa kumpigia dereva wa basi anitafutie.

Siku ya nane mtoto alishabadilika. Alikuwa anaficha uso kifuani kwangu, nikimtoa nje analia anageukia ukutani, machozi yanatiririka bila kilio. Nikamlaza karibu na dirisha nikamfunua kope: jicho la kulia jekundu kuzunguka pale katikati, na ndani ya mboni kuna kitu cha kijivu kama ukungu kwenye kioo cha gari, na mboni yenyewe haikuwa duara tena, ilikuwa kama imevutwa upande mmoja. Nilikaa chini sakafuni. Tukapanda basi usiku uleule.

Alifanyiwa operesheni ya pili kuondoa utando. Nusu kaputi nyingine kwa mtoto wa miezi mitano. Miwani yake ambayo ilikuwa ianze mapema ikachelewa, na mtoto asiyewekewa lenzi ndani bila miwani haoni kitu kwa ukali unaotakiwa, kwa hiyo hizo zilikuwa wiki zingine za ubongo kukaa gizani.

4. Hakuna aliyetuambia lini tupunguze na lini tuache

Safari hii mlinipa cheti, nashukuru. Kimeandikwa jina la dawa, ni deksamethazoni, nayo ni steroidi, na mara sita kwa siku. Basi. Hakuna tarehe ya kupunguza, hakuna ya kuacha. Na mimi niliyeshaona jicho la mwanangu likiziba kwa kukosa dawa, mnadhani ningethubutu kupunguza hata tone? Nilitia kama nilivyoandikiwa, ikiisha nanunua, kliniki ikaahirishwa mara moja kwa sababu daktari alikuwa safarini, miezi mitatu na nusu ikapita.

Mtoto akawa ananenepa. Mashavu yakajaa, uso ukawa duara, majirani wakawa wananisifia mama unanyonyesha vizuri, mama mkwe akaniambia sasa mjukuu wangu anapendeza. Na mimi nilifurahi. Nilimpiga picha nikaweka stetasi. Aliyestuka ni daktari wa watoto, wala si wa macho, tulimpeleka kwa kikohozi tu, akamtazama usoni akaniuliza huyu anatumia dawa gani, nikataja, akasema mama huu unene si wa maziwa. Ile dawa ilikuwa imeingia mwilini kupitia machoni na puani, mwili mdogo kilo saba na macho mawili, mwili ukaacha kutengeneza homoni yake wenyewe kwa sababu ya kuletewa kila siku. Na haiachwi ghafla, ukiikata kwa siku moja mtoto anaweza kuzidiwa. Alilazwa, akapimwa damu asubuhi, wakampunguzia kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Walipompima presha ya macho nayo ilikuwa imepanda yote mawili. Presha ikikaa juu inaua mshipa wa fahamu wa jicho, na ule ukifa haufufuki.

Ndiyo maana nawaambia dawa hii inaumiza kotekote. Ikikosekana jicho linaziba, ikizidi presha inapanda na mwili unaharibika. Panadol mnaniandikia siku tatu. Hii mliniandikia bila mwisho.

5. Hakuna wa kumuuliza

Hakuna namba ya simu kwenye kadi. Kuna namba ya mapokezi, ukipiga unaambiwa mlete mtoto. Nauli yangu kwenda na kurudi ni shilingi 72,000 na ni masaa tisa kwenye basi. Sifungi safari hiyo kuuliza swali la dakika moja.

Sasa najua mtakachojibu, maana kila kimoja nimeshajibiwa mdomo kwa mdomo kwenye korido zenu.

Mtasema dawa ni ghali na bajeti ndogo. Chupa moja haifiki nusu ya nauli yangu ya kwenda. Operesheni ya pili ya binti yangu, nusu kaputi, daktari, manesi, vitanda siku sita, hayo yote mlilipia nyie, kwa sababu sera ya nchi ni kwamba mtoto chini ya miaka mitano anatibiwa bila malipo. Kwa gharama ile mngenipa matone ya kozi nzima na ya watoto wengine wengi wa wodi ile. Na prednisoloni ya matone ya macho imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwa hiyo msiniambie ni dawa ya anasa.

Mtasema wazazi hamrudi kliniki. Ni kweli wapo wasiorudi na mimi siwatetei wote. Lakini mzazi ambaye hajaambiwa kwamba jicho linaweza kuziba ndani ya wiki moja, anaona mtoto anafuata taa, anaona kapona, nauli hana, mahindi yako shambani, kwa nini arudi? Mwambieni sababu halafu ndipo mumlaumu.

Mtasema hata ingekuwepo dawa utando ungeweza kutokea, na macho ya watoto ndivyo yalivyo. Hili nalikubali na nimelisoma. Marekani walifanya utafiti kwa watoto wachanga 114 wenye mtoto wa jicho upande mmoja, nusu wakawekewa lenzi ndani ya jicho, nusu wakavalishwa lenzi za nje zinazokaa juu ya jicho, na ndani ya mwaka mmoja asilimia 63 ya waliowekewa lenzi ndani walirudishwa tena chumba cha upasuaji, wale wengine asilimia 12. Hiyo ni Marekani, kwenye dawa tele na ratiba ya kufuatiliwa. Sasa kama kwao na dawa zote zile jicho la mtoto linasumbua hivyo, kwetu mtoto anapelekwa nyumbani na matone 100 kwa hoja gani? Kwangu hiyo ni sababu ya kuongeza ulinzi.

Na mtasema madaktari ni wachache, foleni ndefu. Nimeiona foleni, nimekaa kwenye lile benchi. Ndiyo maana ninayoomba hapa chini mengi hayamhitaji daktari.

Ninaomba haya:

(a) Mtoto mchanga asiruhusiwe kutoka wodini bila matone ya steroidi ya kumfikisha siku ya kliniki, yaliyohesabiwa kwa idadi ya macho, mara kwa siku, na yatakayomwagika. Mfamasia ndiye apige hesabu hiyo na aisaini. Kama stoo hamna, mzazi aambiwe kabla ya operesheni atafute mapema, kuliko kuijua siku anapoondoka.

(b) Karatasi moja ya Kiswahili, hata ikiwa fotokopi, yenye jedwali: wiki ya kwanza mara ngapi, ya pili ngapi, inavyopungua mpaka tarehe ya kuacha, nafasi zijazwe kwa kalamu na daktari kwa mtoto husika maana najua watoto hawafanani. Nyuma yake michoro: tikisa, vuta kope, tone moja, bonyeza kona, subiri. Wapo kina mama wasiojua kusoma, mchoro wataufuata.

(c) Kabla ya kutoka, nesi amwangalie mzazi akitia dawa mwenyewe, mara mbili. Mimi niliruhusiwa sijawahi kuishika ile chupa.

(d) Kliniki ya kwanza iwe ndani ya wiki moja, na kila kliniki presha ya macho ipimwe. Kuna kile kipimo kidogo cha mkononi kinachogusa jicho kidogo tu bila ganzi, mnacho, nimekiona kikitumika kwa wazee chumba namba tatu. Mtoto apimwe na uzito pia, na akianza kuvimba uso aonwe na daktari wa watoto.

(e) Simu moja ya kitengo, ya wasap, mzazi atume picha ya jicho na swali lake. Mumpe nesi mmoja wa zamu, na vocha tuko tayari kuchangia sisi wazazi, nimeshaongea na wenzangu sita.

(f) Muandikiane na hospitali za wilaya tunakotoka. Mtoto akiruhusiwa, mganga wa macho wa wilaya yake ajue jina, dawa, na tarehe ya kuacha, ili hata mimi nikikwama nina mtu wa karibu wa kukimbilia.

Naomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 30 kuanzia leo, kwa barua au hata kwa kubandika tangazo wodini, mimi nitaliona.

Binti yangu sasa ana mwaka na miezi miwili. Anavaa miwani mizito imefungwa kwa lastiki nyuma ya kichwa. Jicho la kushoto linafanya kazi. La kulia, lile lililoziba, tunalizoesha kwa kulifunika la kushoto masaa mawili kila siku, na masaa hayo mawili anatembea akigusa ukuta. Kliniki yetu ni Jumanne ya pili ya mwezi ujao. Nitakuja na nakala ya barua hii yenye mhuri wenu, na wodini nitapita kitanda kwa kitanda kuwaambia kina mama watikise chupa, mpaka mtakapoanza kuwaambia nyie.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama wa mtoto wa kitanda cha dirishani, wodi ya macho

Nakala: wazazi wote wenye watoto waliofanyiwa operesheni ya macho, popote mlipo. Angalieni chupa zenu leo, muone zimebaki siku ngapi.